Kuratibu uzinduzi wa mradi: kila mtu anasema "upande wangu tayari", siku inafika mambo hayaendi

#1 – Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Kazi yangu ni kuratibu timu zinazozindua vitu: mifumo, huduma mpya, mara nyingine jengo linalofunguliwa. Naanzisha uzi huu kwa sababu wanaoingia kwenye kazi hii huniuliza swali lilelile: nianze na nini? Ratiba? Bajeti? Programu gani ya kupangia kazi? Jibu langu huwa moja, na nitalieleza kwa kirefu ili mnipinge pale mnapoona sivyo. Anza na makabidhiano.

Nasema makabidhiano kwa maana ya pale kazi ya mtu mmoja inapoishia na ya mwenzake inapoanzia. Ratiba nyingi ninazoletewa zina kazi, jina la mhusika na tarehe. Kila mhusika ukimuuliza anajibu kwa moyo mweupe kwamba upande wake uko tayari, na kweli uko tayari. Kinachokosekana ni kile kilicho katikati yao, ambacho hakimo kwenye orodha ya yeyote.

Mfano unaojulikana ni HealthCare.gov, tovuti ya serikali ya Marekani ya kujiandikishia bima ya afya. Ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 2013, nchi nzima ikiitazama. Siku hiyo ya kwanza waliofanikiwa kukamilisha usajili walikuwa watu 6. Wakandarasi walipoitwa mbele ya Bunge la Marekani mwezi huohuo, walieleza kwamba vipande vyao vilikuwa vimepimwa na vikafanya kazi. Naamini walisema kweli. Lakini mfumo mzima, tangu mtu anapofungua akaunti hadi taarifa zake zinapoifikia kampuni ya bima, ulipimwa katika wiki 2 za mwisho tu. Na wala hakukuwa na mtu mmoja anayejulikana na wote kwamba ndiye aliyebeba jukumu la kuunganisha vipande hivyo.

Ndiyo maana kabla sijagusa ratiba nakaa na timu tunachora jedwali la makabidhiano. Lina safu tano: nani anatoa, nani anapokea, anapokea kitu gani hasa, siku ipi, na mpokeaji atajuaje kwamba alichopokea kimekamilika. Safu ya tano ndiyo inayokula muda, na ndiyo nisiyokubali irukwe.

Chukua tangazo la uzinduzi. Mwandishi wa programu anasema ukurasa uko tayari. Mtu wa masoko anachukua anwani ya ukurasa, anaiweka kwenye barua pepe itakayokwenda kwa wateja wote. Anaibofya, inafunguka, anaridhika. Imefunguka kwa sababu kompyuta yake tayari imeingia kwenye akaunti ya ofisi. Mteja akiibofya anakutana na kisanduku cha nywila. Hapo hakuna aliyezembea: ukurasa ulikuwa tayari, barua nayo ilikuwa tayari. Lakini kama safu ya tano ingesema "mtu wa masoko afungue ukurasa kwa simu isiyo ya ofisi, bila kuingia kwenye akaunti yoyote, ajisajili mpaka aone ujumbe wa kukaribishwa", kasoro hiyo ingejulikana mapema na kurekebishwa kwa dakika chache.

Jambo la mwisho kuhusu jedwali: anayetia alama ya "imekamilika" ni mpokeaji. Mtoaji haruhusiwi. Sheria hii moja imenisaidia kuliko programu zote za kupangia kazi nilizowahi kutumia.

Karibuni tujadili.

#2 – Mchangiaji, mwandishi wa programu

Mkuu, shukrani kwa uzi. Tatizo letu ni kwamba tunapoitwa kwenye hicho kikao cha jedwali, tarehe imeshatangazwa. Bosi ameitaja hadharani, wageni wamealikwa. Tunaambiwa "pangeni kwa kurudi nyuma kuanzia siku hiyo". Muda wenyewe hautoshi, hayo makabidhiano tutayafanya saa ngapi?

#3 – Mwanzisha uzi

Swali zuri sana ndugu yangu, na halina jibu la mkato.

Kwanza niseme kupanga kwa kurudi nyuma kutoka tarehe si kosa. Kuna tarehe zisizosogezwa, kama siku sheria mpya inapoanza kutumika. Hatari iko pale mpango huo unapokuwa ndio pekee. Mimi napanga mara mbili: mara ya kwanza natoka leo kwenda mbele, kila mtu akitaja muda anaouamini bila kuoneshwa tarehe ya bosi, mara ya pili natoka tarehe ya bosi kurudi nyuma. Mipango hiyo miwili ikipishana, nampelekea bosi ile tofauti, kwenye karatasi moja, wiki hiyohiyo.

Benki ya TSB ya Uingereza ni somo la kutosha. Aprili 2018 ilihamisha wateja wake, zaidi ya milioni 5, kwenda kwenye mfumo mpya ndani ya wikiendi moja. Wateja wanaofikia milioni 1.9 walijikuta wamefungiwa nje ya akaunti zao. Ripoti huru iliyotoka 2019 ilieleza kwamba baada ya mpango wa kwanza kushindikana, benki ilitangaza kipindi kipya hadharani kabla haijamaliza kazi ya kupanga upya. Desemba 2022 wasimamizi wa sekta ya fedha waliitoza faini ya pauni milioni 48.65. Mkiwa na bosi anayependa kutaja tarehe, mwambieni kisa hicho kwa adabu.

Sasa ukishampelekea ile tofauti, usimwachie tatizo mikononi, mpelekee na njia za kuchagua. Njia ya kwanza ni kupunguza kinachozinduliwa. Vipengele vitatu vinavyofanya kazi sawasawa vinampa bosi kitu cha kuonesha mbele ya wageni. Vipengele kumi vinavyoyumba vinamwaibisha. Njia ya pili ni kupunguza watu wanaofunguliwa mlango siku ya kwanza: tarehe inabaki palepale, sherehe inafanyika, lakini wanaoingia ni kundi dogo, wengine wanafuata kwa awamu. Hii ndiyo ninayoipigania mara nyingi, maana inalinda heshima ya bosi na inaipa timu nafasi ya kuona makosa yakiwa bado madogo. Njia ya tatu ni kusogeza tarehe.

Njia ambayo mabosi wengi huikimbilia ni ya nne: "nitawaongezea watu". Hapo simama imara. Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo endeshi wa OS/360 pale IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba ukiongeza watu kwenye mradi wa programu uliokwisha kuchelewa, unauchelewesha zaidi. Sababu yake inahesabika. Watu 5 wana njia 10 za kuwasiliana wawili wawili. Watu 10 wana njia 45. Wakiwa 15 ni njia 105. Kila njia ni mahali ambapo taarifa inaweza kupotea, na wale watano walioongezwa lazima wafundishwe na walewale ambao tayari wamezidiwa.

#4 – Mchangiaji

Hiyo hesabu ya njia 105 naipeleka kwenye kikao kesho asubuhi. Asante mkuu.

#5 – Mchangiaji, msimamizi wa shughuli za uwanjani

Naona mnazungumza kama vile uzinduzi ni mambo ya kompyuta tu. Sisi wa majengo, maghala na vituo tuna yetu, na mara nyingi kinachotuangusha ni binadamu kutolizoea eneo.

Tazameni Terminal 5, jengo la abiria la uwanja wa ndege wa Heathrow, London. Jengo la pauni bilioni 4.3, lilimalizika kwa wakati na ndani ya bajeti, jambo ambalo kwa mradi wa ukubwa ule ni nadra. Lilifunguliwa tarehe 27 Machi 2008. Ndani ya siku chache za mwanzo mabegi zaidi ya 20,000 yalikuwa yamekwama au kupotelea humo, na safari za ndege zinazokaribia 500 zikafutwa. Chanzo chake ukikisoma unasikitika, maana ni mambo madogo yaliyopangana. Wafanyakazi walifika alfajiri wakakosa pa kuegesha magari. Waliopata wakakwama kwenye ukaguzi wa usalama. Waliopita ukaguzi hawakujua vizuri wapite wapi. Wakati huo mabegi yanazidi kuingia kwenye mikanda na hakuna mikono ya kuyatoa.

Juu ya hayo, kulikuwa na kichujio cha programu kilichowekwa kipindi cha majaribio ili ujumbe wa majaribio usichanganyike na mfumo halisi. Majaribio yalipokwisha, kichujio kikaachwa humohumo. Siku ya kufungua kikazuia ujumbe wa kweli.

Kwa hiyo mimi naongeza safu ya sita kwenye jedwali lako: kilichowekwa kwa ajili ya majaribio kitaondolewa na nani, lini?

#6 – Mwanzisha uzi

Safu ya sita naipokea kwa mikono miwili. Na nasisitiza hilo la maegesho. Mazoezi ya uzinduzi mara nyingi yanaanzia pale mfanyakazi akiwa ameshaketi kwenye kiti chake. Zoezi la kweli linaanza mtu anapotoka nyumbani: anaingilia geti gani, kitambulisho chake kinafungua mlango, nywila yake inafanya kazi kwenye kompyuta ya pale, namba ya kupiga akikwama anayo mfukoni? Haya hayahitaji teknolojia yoyote. Yanahitaji mtu mmoja atembee njia yote kwa miguu yake, siku na saa ileile ya juma ambayo uzinduzi utafanyika.

#7 – Mchangiaji, mwalimu

Wadau, niongeze uzinduzi uliofanikiwa, maana tukisoma maafa tu tutaogopa kazi. Sweden ilihamisha magari yake yote kutoka kushoto kwenda kulia asubuhi moja, Jumapili tarehe 3 Septemba 1967. Bunge lilipitisha uamuzi mwaka 1963, kwa hiyo walijipa miaka kama minne ya maandalizi. Alama za barabarani zipatazo 360,000 zilibadilishwa, nyingi usiku uleule.

Kinachonivutia ni saa yenyewe. Magari yasiyo ya lazima yalizuiwa kutembea tangu usiku. Saa 10:50 alfajiri waliokuwa barabarani waliagizwa wasimame. Wakavuka taratibu kwenda upande wa kulia, wakasimama tena. Saa 11:00 kamili wakaruhusiwa kuendelea. Dakika kumi za kusimama zilikuwa zimepangwa ndani ya ratiba ya taifa zima. Na viwango vya mwendo vilishushwa kwa muda ili watu wazoee. Jumatatu iliyofuata ajali hazikuongezeka kama ilivyohofiwa.

#8 – Mwanzisha uzi

Mwalimu umegusa jambo ninalolipenda mno, la kusimama kulikopangwa. Nitalirudia chini kwa sababu lina uzito wake.

#9 – Mchangiaji

Samahani wakuu, mimi naona mnaongelea serikali na mashirika makubwa. Sisi ni wanne. Jedwali la safu sita, ratiba mbili, mazoezi, vikao... tutazindua lini? Timu ndogo nguvu yake ni wepesi. Tunaongea, tunaelewana, tunafanya. Mkituwekea makaratasi mengi mnatuua.

#10 – Mwanzisha uzi

Hoja yako ina nguvu, na sehemu yake nakubaliana nayo kabisa. Watu wanne wana njia 6 tu za mawasiliano, mnaweza kuketi meza moja na kumaliza jambo kwa maneno. Jedwali lenu linaweza kuwa na mistari saba kwenye nusu karatasi, na vikao virefu hamvihitaji.

Nisichokubali ni kwamba wanaoelewana hawahitaji kuandika. Madaktari wa upasuaji ni watu wachache ndani ya chumba kimoja, wamesoma miaka mingi, wengi wanajuana kwa majina. Bado mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji yenye vipengele 19, inayosomwa kwa sauti katika vituo vitatu: kabla mgonjwa hajalazwa usingizi, kabla ya kupasua, na kabla hajatoka chumbani. Utafiti uliofanyika katika hospitali 8 za nchi mbalimbali, uliochapishwa 2009, ulionesha vifo baada ya upasuaji vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Vipengele vyenyewe ni vya kawaida mno: huyu ni mgonjwa gani, anapasuliwa wapi, kila mtu ajitambulishe kwa jina na kazi yake. Vipengele 19 vinatosha kulinda uhai wa mtu, basi timu ya wanne wakiwa na kumi wamejitosheleza. Wepesi wenu hautapotea.

Ushauri mmoja kwa timu ndogo: msigawane kazi kwa mdomo siku ya mwisho. Wanne wenye uchovu wakisema "hiyo tutaimalizia", kila mmoja anasikia mwenzake ndiye atakayeimalizia.

#11 – Mchangiaji, mwandishi wa programu (wa #2)

Nirudi tena mkuu. Siku yenyewe imefika, mmoja wetu anaona tatizo, bosi anasema tuendelee. Nani ana haki ya kusimamisha?

#12 – Mwanzisha uzi

Hapa ndipo nilitaka tufike, na nitaomba uvumilivu kwa urefu wa jibu.

Haki ya kusimamisha igawiwe mapema, kwa maandishi, wakati hakuna presha. Siku ya uzinduzi ni siku mbaya kuliko zote kuanza kubishana nani ana sauti. NASA, shirika la anga za juu la Marekani, wana utaratibu ambao watu wengi wameuona kwenye televisheni bila kuuzingatia: kabla ya kurusha chombo, mkurugenzi anapita kitengo kwa kitengo akiuliza, na kila kitengo kinajibu kwa jina lake, twende au tusiende. Kimya hakihesabiwi kuwa ndiyo. Na hesabu ya kurudi nyuma ina vituo vilivyopangwa humohumo. Enzi za vyombo vya Space Shuttle, saa ya kuhesabia ilisimama makusudi ilipofika dakika 20, ikasimama tena ilipofika dakika 9, hata kama kila kitu kilikuwa shwari. Faida yake ni kwamba mwenye wasiwasi hahitaji ujasiri wa kusimamisha treni inayokwenda. Treni imeshasimama yenyewe, yeye anatakiwa kusema tu.

Lakini utaratibu peke yake hauokoi. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986, wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi za pembeni za Challenger, kimojawapo cha vyombo hivyo vya Space Shuttle, akiwamo Roger Boisjoly, walipendekeza kwenye kikao cha simu chombo kisirushwe kukiwa na baridi kali. Walihofia mipira ya kuzibia maungio ya roketi, na hawakuwa na uzoefu wa kurusha kwenye baridi iliyo chini ya nyuzi 12 za Selsiasi. Wakubwa wao walijitenga pembeni, wakarudi na jibu la kuendelea. Asubuhi yake Challenger ilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, na wote 7 waliokuwa ndani wakafariki.

Tume iliyochunguza ajali ile ilionesha jambo ambalo kila mratibu anapaswa kulitazama kwa makini. Kawaida anayetaka kurusha ndiye anayethibitisha kuwa ni salama. Usiku ule mzigo uligeuzwa: wahandisi wakatakiwa wathibitishe kuwa si salama. Data waliyokuwa nayo ilikuwa ya kutosha kuwatia wasiwasi na haikutosha kushinda mabishano. Kwenye timu zetu hugeuzwa hivyohivyo kwa sentensi ndogo tu: "Una uhakika kwamba itaharibika?" Ukiisikia kwenye kikao cha uamuzi, mratibu ingilia hapohapo. Uliza kinyume chake: nani hapa ana uhakika kwamba iko sawa, na anaujuaje?

Kwa hiyo kwenye karatasi ya uamuzi mimi naandika mambo matatu. Majina ya wanaopiga kura ya twende au tusiende, mmoja kwa kila eneo. Vigezo vinavyosimamisha bila mjadala, vikiwa na namba kila inapowezekana, kwa mfano malipo ya majaribio yakishindikana zaidi ya kiwango fulani. Na jina la mtu mmoja anayeweza kupuuza "tusiende", ambaye lazima aandike sababu na kuweka sahihi. Hilo la sahihi linabadilisha mazungumzo kabisa.

#13 – Mchangiaji, afisa rasilimali watu

Dada/kaka mwanzisha uzi, umeandika vizuri, ila kuna vijana wapya ambao hata ukiwaita wapige kura hawatasema. Wataangalia uso wa mkubwa kwanza. Sisi tunatumia njia aliyoieleza mtaalamu wa saikolojia Gary Klein mwaka 2007. Mnakaa mapema, mnaambiwa hivi: tuchukulie uzinduzi umeshafanyika na umeanguka vibaya. Kila mtu aandike kimyakimya, dakika chache, sababu za kuanguka. Kisha mnazunguka meza, kila mmoja anataja sababu moja; kwetu sisi mkubwa anakuwa wa mwisho.

Kijana ambaye hathubutu kusema "mpango wenu una tundu" anaandika bila shida, kwa sababu swali lenyewe limempa ruhusa: kuanguka kumeshatokea, anaeleza tu. Karatasi zinazorudi zinakuwa na mambo ambayo kwenye kikao cha kawaida yasingetamkwa. "Mtu pekee mwenye nywila ya mfumo wa malipo yuko likizo wiki hiyo." Hiyo ilitoka kwa mwanafunzi wa mazoezi ya kazi, na wakubwa wote waliokuwa mezani hawakuwa wameifikiria.

#14 – Mchangiaji, msimamizi wa mifumo

Na mpango wa kurudi nyuma jamani, yaani kurudisha toleo la awali mambo yakiharibika! Watu wanapanga kwenda mbele tu.

Knight Capital, kampuni ya biashara ya hisa ya Marekani, tarehe 1 Agosti 2012. Programu mpya ilitakiwa kuwekwa kwenye seva 8 (kompyuta zinazoendesha mfumo), ikawekwa kwenye 7. Hakukuwa na utaratibu ulioandikwa wa mtu wa pili kukagua. Asubuhi hiyo kabla soko halijafunguliwa, mfumo ulituma barua pepe 97 kwa wafanyakazi zikionesha hitilafu. Hazikuchukuliwa kama tahadhari. Soko lilipofunguliwa, ile seva ya nane ikaanza kununua na kuuza kwa kutumia programu ya zamani iliyokwisha kustaafishwa. Dakika 45, hasara ya zaidi ya dola milioni 400.

Sehemu inayoniuma zaidi ni hii: katikati ya moto, waliiondoa programu mpya kwenye zile seva 7 zilizokuwa sawa. Zile nazo zikaanza kufanya kama ya nane. Walirudi nyuma bila kuwahi kuifanyia mazoezi njia ya kurudi. Kurudisha toleo la awali ni kazi kama kazi nyingine, ipimwe kabla, mtu aijue, na ijulikane ikishafika hatua gani kurudi hakuwezekani tena.

#15 – Mwanzisha uzi

Mkuu hapo umenena. Na zile barua pepe 97 ni makabidhiano yaleyale: mtoaji alikuwapo, mpokeaji hakuwapo. Kila tahadhari ya mfumo iwe na jina la binadamu anayeisoma saa hiyo.

Kuhusu siku yenyewe, nitasema kwa ufupi kwa sababu maandalizi yakiwa mazuri siku huwa fupi. Njia moja tu ya mawasiliano ya uamuzi. Makundi mengine ya gumzo yaendelee lakini uamuzi usifanyikie huko. Mtu mmoja awe mwandishi, anaandika saa na kilichotokea, hana kazi nyingine. Anayetengeneza tatizo asiwe ndiye anayewajibu wakubwa. HealthCare.gov ilipookolewa, mhandisi Mikey Dickerson aliweka kanuni za chumba cha kazi ambazo nimeziiga: chumba ni cha kutatua matatizo, kulaumiana kufanyike kwingine, anayezungumza ni anayelijua jambo, cheo hakihusiki, na tunashughulikia yale yatakayotuumiza ndani ya saa 24 hadi 48 zijazo. Kikao cha asubuhi, kikao cha jioni.

#16 – Mchangiaji (wa #9, timu ya watu wanne)

Nimesoma yote, nimelainika kidogo. Swali la vitendo: tumefika kituo cha uamuzi, imekuwa "tusiende". Watu wamealikwa kesho. Ujumbe wa kuahirisha nauandikaje bila kuonekana hatujui kazi?

#17 – Mwanzisha uzi

Uandikeni sasa hivi, kabla hamjauhitaji, na mmoja wenu awe na idhini ya kuutuma bila kuomba ruhusa upya. Ujumbe unaoandikwa saa tano usiku na watu wanne waliochoka huwa mrefu, una visingizio, na unaahidi mambo.

Sentensi ya kwanza iseme uzinduzi hautafanyika kesho. Msomaji asilitafute hilo katikati ya shukrani. Ya pili itaje sababu kwa ukweli na kwa maneno ya kawaida: "tumeona hitilafu kwenye malipo ambayo ingeweza kumtoza mteja mara mbili". Ya tatu imwambie afanye nini na alichonacho, kama alikwisha kulipia, kukata tiketi au kujisajili. Ya nne itaje lini mtampa taarifa inayofuata. Hapo taja saa kamili na muitimize, hata kama habari yenyewe ni kwamba bado mnafanyia kazi.

Tarehe mpya msiitaje kwenye ujumbe huo. Mtaijua mkishapita tena kwenye jedwali, mstari kwa mstari, na kila mpokeaji akatia alama yake upya, ikiwamo ile mistari iliyokuwa imeshatiwa alama mara ya kwanza. Na kabla hamjautuma, wapigieni simu wale wachache ambao wangeumia kuupata kwenye barua pepe pamoja na watu wengine wote: aliyefadhili, anayesafiri kuja, na anayehudumia wateja kwa simu, maana huyo ndiye atakayeulizwa maswali asubuhi.